Vitumbula vya Sikukuu Katika Mji Wetu

Kama ulishapita jioni ya tarehe 31 desemba katika Kasungami, Kalebuka ao Luwowoshi, unaijua ile harufu. Mbele ya nyumba kuko mbabula, juu ya makala kuko sufuria ya mafuta, na mama amekaa juu ya kiti kifupi, mkono wake mmoja ndani ya beseni. Anakamata unga laini, anaufinya katika ngumi, na kati ya kidole gumba na kidole cha pili kunatokea kitu cha mviringo, kidogo, cha kutosha mdomo mara moja. Anakiangusha katika mafuta. Kinazama, kinapanda, na kama unga umeumuka vizuri kinajigeuza chenyewe. Watoto wako pembeni wanahesabu.

Kwa mdomo tunasema bitumbula. Kwa kuandika tunaweka vitumbula. Neno lenyewe ni la Kiswahili cha pwani, lakini mtu wa Lubumbashi akiomba vitumbua kule Mombasa ao Zanzibar, atashangaa. Watamletea vikate vya mchele na tui la nazi, vilivyopikwa katika chuma chenye mashimo. Kile tunachokijua sisi kinafanana zaidi na kaimati, ile midonge ya ngano inayochovywa katika sukari iliyoyeyushwa, ambayo wapwani wanaila sana mwezi wa Ramadhani. Jina la kaimati limetoka kwa Kiarabu, na maana yake ni matonge madogo. Vitabu vya upishi vya Baghdad vya karne ya 13 tayari vilieleza chakula cha namna hiyo. Kinshasa wanasema mikate, na hapo mara mingi kunakuwa kicheko: mgeni wa Kinshasa anaomba mikate, sisi tunamtuma kwa mutu wa kuuza mukate. Lakini ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, Wazambia wanasema vitumbuwa, na vyao ni ndugu ya vyetu kabisa: ngano, levire, sukari, mafuta ya moto. Kwa hiyo, sisi tunaona kwamba jina ni la pwani, lakini chakula ni cha njia ya reli.

Wazee wetu hawakulima ngano. Walikuwa na mtama, ulezi, muhogo, kiisha mahindi. Gari la moshi lilifika Élisabethville mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, likitoka kusini kwa kupitia Rhodesia. Pamoja na mashini na watu, njia hiyo ilileta unga wa ngano kwa ajili ya meza ya mzungu. Mfanyakazi wa Union Minière yeye alipewa posho ya bunga ya mahindi. Mwenye kugusa ngano kila siku alikuwa boyi na mpishi. Wale watu waliona mengi katika zile jikoni; si bure kwamba mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa ajili ya chama cha maboyi wa zamani. Mafuta nayo yana reli yake. Mwaka 1928 njia ya BCK ilimalizika mpaka Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, na mji wetu ukaunganishwa na Kasai, inchi ya mawese.

Lakini unga na mafuta havitoshi. Katika miaka ya kwanza, kambi za wafanyakazi zilijaa vijana waliokuja kwa mkataba wa muda mufupi, bila bibi zao. Kuanzia 1927 na 1928 ndipo Union Minière ilibadili mipango, ikataka mfanyakazi akae na jamaa yake. Mama walipofika kambini, jiko la nyumbani lilifika pamoja nao.

Wanafunzi wetu wanapenda kuuliza: «Mwalimu, nani alianza?» Tunawajibu waangalie nani alikuwa hapa. Waflandre wa Ubelgiji wana smoutebollen zao, wanazozikula kwenye sherehe za barabarani. Wagiriki wana loukoumades. Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, waliokuwa na sinagogi yao hapa tangu 1930, wana midonge yao ya mafuta ya sikukuu ya Hanuka. Kila mmoja angeweza kusema ni yake. Lakini hakuna mmoja wao aliyeiita bitumbula.

Kwa wakati wa wazazi wetu, vitumbula vilikuwa na siku zao: Nowele, Bonane, komunyo ya mtoto, ndoa. Sukari na unga vilinunuliwa mwisho wa mwezi, vikafungiwa. Siku yenyewe, sahani zilifunikwa kitambaa cheupe na watoto wakatumwa kwa majirani, Muluba kwa Mubemba, Mukasai kwa Musanga. Sahani haikurudi tupu. Kukosa kutuma kwa jirani fulani, ile ilikuwa ni maneno. Watu waliijua mpaka Pasaka.

Kiisha mambo yakageuka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470.000 za shaba. Mwezi wa septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, oktoba 1991 mji wetu ukaporwa, na mwaka 1993 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50.000. Baba walikwenda kazini, lakini mshahara haukufuata. Ndipo mama walitoa mbabula inje ya lupango, wakaiweka kando ya barabara. Chakula cha sikukuu kikawa kazi ya kila asubuhi. Mtoto asiye na mukate alikunywa buji na vitumbula viwili, akaenda masomoni. Wengine walikwenda na viwili hivyo tu mpaka jioni.

Sisi tulikuwa watoto wakati huo. Kabla ya kengele tulibeba beseni juu ya kichwa, tukapita njia ya nyuma ili wenzetu wasituone. Wakatuona. Mwalimu mmoja alizoea kutuita «batoto ba bitumbula» mbele ya darasa lote, na darasa lilicheka. Hatukumwambia mama. Lakini minervali yetu ilitoka katika lile beseni, na baadaye hata miaka yetu ya ISP.

Kuna Bonane moja hatuisahau. Mama aliuza tangu asubuhi mpaka usiku, sababu siku hiyo wanunuzi walikuwa wengi. Alirudi na beseni tupu. Tukamuuliza vyetu viko wapi. Akasema: «Miye nimechoka na bitumbula. Mwezi muzima niko natosha tu mu mafuta. Kama munaitaka, mujipikie.» Akalala. Unga wa ngano ulikuwa umekwisha. Yaya wetu akachukua bunga ya mahindi, akaponda ndizi tatu zilizoiva sana, akachanganya, akapika kwa mafuta yaliyobaki. Vilikuwa vizito, vingine vimeungua. Alitia vitano katika sahani, akaifunika, akatutuma kwa jirani. Tulisikia haya kupeleka kitu kama kile. Jirani alipokea kwa mikono miwili.

Leo Annexe imejaa nyumba mpya mahali palipokuwa mashamba, na vijana wengi wananunua vitumbula vya Bonane kwa mama wa barabarani. Hatuwalaumu, mwaka 2022, wakati wa vita ya Ukraine, bei ya ngano ilipanda katika dunia nzima, na kupika nyumbani si rahisi. Lakini kununua na kupika si jambo moja. Vya kununua vinahesabiwa. Vya nyumbani vinajaza beseni na hakuna anayejua ni ngapi, na ndiyo maana jirani anapata.

Kwa anayetaka kujaribu: unga wa ngano, sukari, chumvi kidogo, levire, maji ya vuguvugu. Piga kwa mkono mpaka unga uvutike. Usiwe mgumu kama wa mukate, usiwe maji kama buji. Funika kitambaa, acha uumuke mpaka mapovu yaonekane. Usipike kwa moto mkali, sababu inje itakuwa nyekundu na ndani bado unga mbichi. Usijaze sufuria, vinataka nafasi ya kujigeuza.

Mama yetu sasa ni mzee na haruhusiwi kuinama juu ya moto, lakini tarehe 31 anaketi karibu na mbabula na anatusumbua: «Ongeza maji kidogo, iko nguvu.» Kitumbula cha kwanza kinapotoka, anakipokea yeye, anakivunja katikati, anaangalia ndani, kiisha anampa nusu mtoto aliye karibu.