Shamba Lililobaki Ng'ambo: Haki ya Mwenye Mali Tangu 1972



Kila mwaka tunapowakumbuka waliouawa mwaka 1972, wazee wetu huanza kutaja majina ya watu, kisha hufika kwenye majina ya mashamba. Tusiwacheke. Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema kueleza kwa nini.

Mwenye shamba ana haki tatu: kulitumia, kula mazao yake, na kuliuza au kulirithisha. Anayeazimwa shamba hupata mbili za kwanza tu; ya tatu hubaki kwa mwenyewe. Hapa Kongo, kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali, na bustani tunazolima kambini tumeazimwa. Tuwashukuru wenyeji na tusivuke mipaka yao. Lakini kuazimwa huku hakufuti tulichoacha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Machafuko yalianza Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili 1972, na mauaji yaliyofuata yakaenea nchi nzima. Watu wetu walikimbilia Tanzania, Zaire na Rwanda. Mashamba yao mengine yalichukuliwa na majirani, mengine yakagawiwa na watawala, na baadhi ya michikichi ya Rumonge ikaingizwa katika miradi ya Serikali. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1986: aliyekaa shambani miaka 30 bila kupingwa aliweza kuwa mwenyewe, na miaka 15 ilitosha kama aliingia kwa nia njema. Mkimbizi angepingaje akiwa uhamishoni? Miaka 30 tangu 1972 ilitimia mwaka 2002, na wengi walikuwa bado nje.

Mapatano ya Arusha ya 28 Agosti 2000 yalitamka kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Mwanzoni mara nyingi iliwashauri wenye ugomvi wagawane shamba. Baadaye ikaelekea kumrudishia mwenye shamba wa kwanza shamba lote. Njia zote mbili zilileta machozi. Mmoja alirudi akapewa nusu ya shamba la baba yake. Mwingine alikuwa amenunua kwa jasho lake, akajenga na kulea watoto hapo, akaambiwa aondoke.

Sisi tunasema hivi: haki ya mwenye mali haifi kwa sababu amekimbia kuokoa roho yake. Na aliyenunua kwa nia njema asitupwe njiani. Fidia yake idaiwe kwa Serikali, si kwa panga kati ya majirani.

Mwaka 2015 tulikimbia tena. Miongoni mwetu wamo waliokwisha kurudi mara moja, wakapata mashamba, wakayaacha mara ya pili. Wazee wanaojua mipaka ya 1972 wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo kila familia ichukue daftari na kuandika: kilima, komini, majirani wa pande zote nne, mti au kijito cha mpakani, shamba lilipatikanaje, na Bashingantahe walioshuhudia. Komini iandikwe kwa jina la zamani na jipya, maana mwaka 2025 Burundi ilizipunguza kutoka 119 hadi 42.

Waandikwe pia wajane na mabinti. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi wa ardhi, na mila huwapa watoto wa kiume. Mama aliyefiwa na mume hapa kambini, akirudi bila jina lake popote, atasimama mbele ya shemeji zake mikono mitupu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuandike wakati wazee wangali nasi.