Jeni Zizuiazo Saratani na Siri ya Mlango wa Kizazi

Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, matabibu walichukua kipande cha uvimbe katika mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, pasipo kumtaka idhini. Naye akafariki mwaka uo huo, ilhali seli za uvimbe ule, zilizopewa jina la HeLa, zingali zikiongezeka katika maabara za ulimwengu hata leo.

Sababu ya seli hizo kutokoma ilichelewa kubainika. Mwaka 1971 Alfred Knudson, akichunguza saratani ya jicho iwapatayo watoto, alitoa rai kwamba maradhi yale huzuka zinapoharibika nakala zote mbili za jeni moja. Na jeni hiyo, RB, ilipopatikana mwaka 1986, ilidhihirika kuwa huizuia seli isigawanyike pasipo wakati wake. Nyingine ni p53, ambayo protini yake iligunduliwa mwaka 1979: huisimamisha seli iliyopata hitilafu, au huiamuru ife. Katika saratani nyingi p53 huwa imeharibika; ajabu ni kwamba katika HeLa ilikutwa nzima.

Harald zur Hausen na wenziwe wa Ujerumani walizitambua aina za 16 na 18 za virusi vya papiloma katika uvimbe wa mlango wa kizazi mwaka 1983 na 1984, na aina ya 18 ikaonekana ndani ya HeLa zenyewe. Kisha, mwaka 1989 na 1990, wataalamu walithibitisha kwamba protini ya kirusi iitwayo E7 huishika ile ya RB na kuipokonya kazi yake, na mwenzake E6 huisababisha ile ya p53 ivunjwevunjwe kila inapoundwa. Na mwaka 2000, watafiti wa Yale walipozizima jeni za kirusi ndani ya HeLa, RB na p53 zilirejea kazini, na seli zilizogawanyika kwa takriban nusu karne zikazeeka, zikakoma.

Hapo ndipo ilipo thamani ya chanjo dhidi ya virusi hivyo, iliyoanza kutumika mwaka 2006, ikaenea Tanzania nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019: haitengenezi jeni, kwani hazina kasoro, bali humzuia adui wake asiingie. Basi mzazi na ampeleke binti yake achanjwe, na mama mtu mzima naye asikawie kwenda kupimwa, maana baina ya maambukizi na saratani aghalabu hupita miaka mingi, na miaka hiyo yote tiba ingali ina nafasi.