Dawa za kukamata metali ubongoni: zimefikia wapi dhidi ya Alzheimer?

Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikuu cha kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa akili uzeeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na maradhi ya kundi hilo, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Katika ubongo wa mgonjwa hujikusanya mabonge ya protini iitwayo beta-amiloidi. Ndani yake wanasayansi wamekuta shaba, zinki na chuma kwa wingi usio wa kawaida. Metali hizo huifanya protini igande, nazo shaba na chuma huzalisha kemikali zinazodhuru seli. Ndipo likazuka wazo la kutengeneza dawa ya kuikamata metali, kama koleo linavyoshika kaa la moto, na kuiondoa isipotakiwa.

Mwaka 1991 watafiti nchini Kanada, wakiilenga alumini, waliwajaribia wagonjwa 48 deferoksamini, dawa ya kuwapunguzia chuma watu wanaoongezewa damu mara kwa mara. Waliodungwa dawa hiyo walizorota polepole kuliko wenzao.

Baadaye watafiti wa Melbourne, Australia, waliigeukia kliokinoli, dawa ya zamani ya kuhara iliyosimamishwa Japani mwaka 1970 baada ya kuhusishwa na madhara ya neva na macho kwa maelfu ya watu. Mwaka 2001 ilipunguza amiloidi katika panya; mwaka 2003 jaribio la wagonjwa 36 likatia moyo. Lakini mrithi wake, PBT2, haikufikia lengo kuu la jaribio lake mwaka 2014.

Pigo zito lilikuja mwaka 2024. Katika jaribio la watu 81 nchini Australia, deferiproni ilipunguza chuma ubongoni kama ilivyotarajiwa, ila akili za walioitumia zilidhoofika haraka kuliko za waliopewa vidonge visivyo na dawa. Chuma hichohicho kinachoshukiwa ndicho seli za ubongo hukihitaji ili zifanye kazi.

Kwa familia za Arua na Koboko, maana yake ni hii: hakuna dawa ya kukamata metali iliyoidhinishwa kutibu Alzheimer, na anayeuza "dawa ya kusafisha ubongo" hana ushahidi. Wala hii si sababu ya kuacha vidonge vya chuma vilivyoandikwa na daktari, au kutupa sufuria za alumini, ambazo hazijathibitishwa kuleta ugonjwa huu.

Mzee anayeanza kupotea njia au kusahau majina ya wanawe apelekwe kituo cha afya mapema. Upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, kaswende na sonona huweza kuleta usahaulifu unaofanana na huo, nao hutibika.