Marubani wa Mafia wana majalada, vibarua wao je?

Wasikilizaji, habari ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, imesimuliwa mara nyingi. Septemba 20, 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, hapo Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Mizinga yake wengine tumeishika kwa mikono: mmoja uko Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Wasiosimuliwa sana ni wale walioitafuta kutoka angani.

Wa kwanza alikuwa Dennis Cutler, raia aliyekuwa akirusha ndege huko Durban. Alivishwa cheo cha jeshi la majini haraka haraka, akaletwa na ndege yake ya Curtiss, aina ya kutua majini, mpaka kisiwa cha Nyororo, kaskazini ya Mafia. Rejeta ilipovuja, ilitafutwa nyingine ya gari la Ford kutoka Mombasa. Novemba 1914 aliiona Königsberg. Desemba injini ikamgomea juu ya delta, akaanguka mikononi mwa Wajerumani.

Baada yake waliletwa marubani wa kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza, kilichoundwa rasmi Julai 1, 1914. Ndege zao za kwanza, za Sopwith, zilishindwa na joto letu. Nyingine hazikuweza hata kuinuka majini. Mwishowe ukasafishwa uwanja Mafia, zikaja ndege za magurudumu. Julai 11, 1915 Luteni John Cull alikuwa akiendesha, na Harwood Arnold akizielekeza manowari Severn na Mersey kwa simu ya upepo: risasi hii imepita, hii imepungua. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Huku wakishuka kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kupeleka masahihisho ya shabaha. Wakaanguka majini, wakaokolewa na mashua ya Mersey. Siku hiyo hiyo Königsberg ikawa imekwisha. Wote wawili walipewa nishani ya DSO.

Tunayajuaje haya kwa undani? Kwa sababu jeshi la majini lilikuwa hodari wa kuandika. Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, London, zina madaftari ya maofisa wa kikosi hicho katika fungu liitwalo ADM 273. Humo mtu ana ukurasa wake: vituo alivyopangiwa, na maoni ya wakubwa wake, ambayo mara nyingine ni makali kuliko mwenyewe angependa wajukuu wasome. Mafundi na mabaharia wa kawaida wako ADM 188, na namba zao huanza na herufi F.

Hapa ndipo wengi hupotea. Aprili 1, 1918 kikosi hicho kiliunganishwa na kile cha jeshi la nchi kavu, likazaliwa Jeshi la Anga. Fundi aliyekuwa na namba F 12345 akawa 212345, na habari zake za baadaye zikahamia fungu jingine, AIR 79. Za maofisa zikaenda AIR 76. Anayesoma jalada moja tu anapata nusu ya mtu. Tena kuna mtego wa majina ya meli. Jalada linaweza kusema fundi alikuwa meli ya Pembroke au President, familia ikadhani alipanda meli hiyo. La hasha. Hayo yalikuwa majina ya vituo vya nchi kavu, ambako mshahara wake uliandikwa. Mtu huyo angeweza kuwa Mafia akila nazi. Ili kumpata hasa, linganisha tarehe zake na madaftari ya safari za manowari zenyewe, yaliyo katika ADM 53. Sehemu kubwa ya majalada ya utumishi sasa hupatikana kwa intaneti, hata kwa mtu aliyeketi Kariakoo.

Sasa niulize jambo linalonikera. Uwanja wa Mafia haukujifyeka wenyewe. Ndege na mafuta havikupanda pwani kwa miguu. Mzungu aliyekaza boliti ana namba, tarehe ya kuzaliwa na hata rangi ya macho yake imeandikwa. Kibarua wa kisiwani hakuandikishwa katika jeshi la majini, kwa hiyo ukimtafuta katika ADM 188 utakesha bure. Na si vibarua wa Mafia peke yao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa 1927, inawataja kwa jumla, bila jina hata moja.

Mahali pa kuanzia ni taarifa za maofisa wa vita, fungu la ADM 137, ambako kibarua akitajwa hutajwa kama hesabu. Na kule Kilindoni na Kirongwe wapo wazee waliosikia habari kwa babu zao. Mwenye kinasa sauti na nauli ya mashua asingoje mwaka ujao.