Mchora Mawingu wa Visiwa vya Goto

Shairi linapoghanwa vyema, hakuna msikilizaji anayehesabu mizani. Masikio huelekea kwenye maana na sauti ya mghani, na ile hesabu ya silabi iliyomkesha mtunzi hupita bila ya kutajwa. Mizani ikipungua moja tu, hapo ndipo kila mtu hugeuza shingo. Katika sanaa ya filamu za vibonzo za Kijapani wapo mafundi wenye majaliwa kama hayo, nao ni wachoraji wa mandhari: wale wachorao mbingu, bahari, misitu na nyumba ambazo wahusika hupita mbele yake. Kazi yao ikitimia, mtazamaji haioni. Ikikosewa, hadithi nzima hulegea. Makala haya yanamhusu mmoja wao, Nizo Yamamoto, mwana wa visiwani, aliyefariki Agosti 2023 akiwa na umri wa miaka 70.

Yamamoto alizaliwa mwaka 1953 huko Fukue, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Goto, magharibi ya Kyushu, mkoa wa Nagasaki. Goto ni mkusanyiko wa visiwa vipatavyo 140, vikubwa kwa vidogo. Katika zama za utawala wa Tang, majahazi ya wajumbe wa Kijapani waliokwenda China yalitia nanga hapo kwa mara ya mwisho, kungojea upepo mwema, kabla ya kuikabili bahari kuu. Yamamoto naye aliondoka kwao angali kijana. Alisoma fani ya ujenzi wa majengo katika mkoa wa Gifu, kisha akaenda Tokyo kujifunza usanii, na hatimaye akaingia katika kazi ya filamu. Mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikabidhiwa usimamizi wa sanaa katika Future Boy Conan, mfululizo wa televisheni wa sehemu 26 ulioongozwa na Hayao Miyazaki. Hadithi hiyo huanzia katika kisiwa kidogo kilichosalimika baada ya vita vilivyoiangamiza dunia. Mwana wa Fukue akaanza kujulikana kwa kuchora bahari na kisiwa.

Ni vyema tuieleze kazi yenyewe, maana wengi tumeyaonja matunda yake bila ya kujua mti ulivyopandwa. Zamani hizo wahusika walichorwa na kupakwa rangi juu ya karatasi za plastiki zinazopenya nuru. Plastiki hizo zikawekwa juu ya picha ya mandhari, na kamera ikapiga picha moja baada ya moja, 24 kwa kila sekunde ya filamu. Mhusika alibadilishwa kila mara. Mandhari ilibaki palepale. Mandhari hiyo ilichorwa kwa brashi juu ya karatasi nzito, kwa rangi za maji ziuzwazo katika vichupa. Ili kuipata mbingu, mchoraji huilowesha karatasi kwanza, kisha hupitisha brashi pana kwa haraka, rangi iingiane na rangi kabla ya maji kukauka. Akichelewa, alama za brashi hujitokeza na mbingu ikaharibika. Mistari iliyonyooka ya nguzo na madirisha ina ustadi wake: mkono mmoja hushika brashi na kijiti kwa pamoja, mfano wa vijiti vya kulia chakula; kijiti huteleza ndani ya mfereji wa rula, nayo brashi huandama bila ya kutetereka. Filamu moja ndefu aghalabu hudai picha zinazozidi elfu moja. Hazichorwi na mtu mmoja. Msimamizi wa sanaa huamua rangi na nuru ya filamu nzima, na wenziwe huufuata mkono wake.

Tarehe 16 Aprili 1988 studio ya Ghibli ilitoa filamu mbili kwa siku moja. Ya kwanza, My Neighbor Totoro, ilisimamiwa sanaa yake na Kazuo Oga, mzaliwa wa Akita, bingwa wa kijani cha mashamba na miti. Ya pili, Grave of the Fireflies ya mwongozaji Isao Takahata, ilikuwa mikononi mwa Yamamoto. Hii ya pili yaeleza habari za ndugu wawili mayatima katika mwaka 1945, baada ya mji wa Kobe kuteketezwa kwa mabomu. Watazamaji huwalilia watoto wale. Lakini tuulizane: machozi hayo huletwa na nini? Uso wa mtoto wa kuchorwa una mistari michache tu. Ulio mwingi ni wekundu wa mbingu ya mji unaowaka, giza la handaki wanamolala, na utulivu wa bwawa chini ya jua la kiangazi, kana kwamba dunia haina habari ya njaa yao. Utulivu huo ndio unaochoma moyo, na huo ni kazi ya mchora mandhari.

Sifa kubwa ya Yamamoto ilikuwa mawingu. Wajapani waliomjua waliyaita kwa jina lake, «mawingu ya Nizo». Ni yale mawingu ya kiangazi yasimamayo juu ya upeo kama jabali, nayo yamejaa katika The Girl Who Leapt Through Time, filamu ya Mamoru Hosoda ya mwaka 2006. Weupe wake si weupe mtupu: ndani yake mna buluu, kijivu na zambarau, na kila tabaka lina uzito wake. Kadhalika alikuwa mmoja wa wasimamizi watano wa sanaa katika Princess Mononoke ya mwaka 1997, filamu ambayo misitu yake ilitokana na safari ya wasanii kwenda kisiwa cha Yakushima kuitazama miti kwa macho yao.

Hiyo ilikuwa miongoni mwa filamu za mwisho za enzi ya plastiki. Mwaka 1999 Ghibli ilitoa My Neighbors the Yamadas, iliyokamilishwa kwa kompyuta. Sazae-san, kipindi cha televisheni kilichoanza mwaka 1969, kilishikilia plastiki hadi 2013, kikawa cha mwisho. Mandhari ya brashi iliishi zaidi, kwa kuwa karatasi iliweza kuingizwa ndani ya kompyuta kama ilivyo. Hata hivyo wachoraji wengi wameiweka brashi chini. Hatusemi kwamba kompyuta haina sanaa, kwani jicho na subira ni vilevile. Lakini katika kompyuta kosa hufutwa, ilhali karatasi iliyolowa humngoja mchoraji mara moja tu. Tena karatasi hubaki, iwapo kuna wa kuihifadhi. Kwa miaka mingi plastiki za wahusika, na mandhari nyingi pia, zilihesabiwa kuwa vifaa tu vya kazi. Filamu ilipokwisha, zilitupwa au zikagawiwa.

Wahenga wetu walisema, mcheza kwao hutuzwa. Baada ya kuchora mbingu za hadithi za watu wengine kwa miongo kadhaa, Yamamoto alizirudia za kwao, akachora mfululizo wa picha mia moja za visiwa vya Goto: bandari, fukwe, mashamba na makanisa yake. Mwaka 2018 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Fukue, ndani ya nyumba ya kale ya samurai. Katika picha hizo hakuna mhusika anayepita mbele. Mandhari imesimama peke yake, na mtu huja kuitazama hiyo yenyewe.

Hiyo ni bahati waliyoipata wachache. Wengi wa mafundi hawa hawana nyumba ya kumbukumbu, na majina yao yamo katika orodha ndefu ipandayo mwishoni, wakati watu wamekwisha kuinuka vitini. Basi safari nyingine filamu inapomalizika, tukae kidogo. Tuyasome majina ya waliochora mbingu.