Gale Sayers: Nyota aliyekatishwa safari na magoti

GALE Sayers, mmoja wa wakimbiaji hodari waliopata kutokea katika mpira wa Kimarekani, alicheza mechi 68 tu za msimu wa kawaida katika ligi kuu ya mchezo huo (NFL), kabla ya majeraha ya magoti kumlazimisha kustaafu mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 29.

Hata hivyo, mwaka 1977 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo lililopo Canton, jimbo la Ohio. Alikuwa na miaka 34, na hakuna aliyewahi kuingia humo akiwa na umri mdogo zaidi.

Sayers alizaliwa Mei 30, 1943 mjini Wichita, Kansas, na kukulia Omaha, Nebraska. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Kansas, ambako kasi yake ilimpatia jina la utani la Kimondo cha Kansas. Mwaka 1965 alisajiliwa na Chicago Bears.

Kazi yake ilikuwa kupokea mpira nyuma ya safu ya walinzi na kukimbia nao katikati ya wapinzani wanaotafuta kumwangusha. Sifa yake kubwa ilikuwa uwezo wa kubadili mwelekeo ghafla bila kupunguza mwendo. Ndiyo kazi inayoyaumiza magoti kuliko nyingi, kwa kuwa mguu hukaza ardhini huku mwili ukigeuka, na mara nyingine mpinzani huuvamia wakati huohuo.

Katika msimu wake wa kwanza alivuka mstari wa mwisho wa wapinzani na mpira mara 22. Sita kati ya hizo zilikuwa katika mechi moja, Desemba 12, 1965, dhidi ya San Francisco 49ers, kwenye uwanja uliojaa matope mjini Chicago. Bears walishinda kwa pointi 61 kwa 20. Mwaka uliofuata aliongoza ligi nzima kwa kukimbia yadi 1,231.

Mkosi ulimfika Novemba 10, 1968, katika mechi nyingine dhidi ya 49ers, pale kano za goti lake la kulia zilipochanika. Enzi hizo madaktari walilazimika kulipasua goti na kulifungua, na wanamichezo wengi waliopata jeraha la aina hiyo hawakurejea tena katika hali yao ya awali.

Aliyemhimiza katika mazoezi ya kurejea uwanjani ni Brian Piccolo, mchezaji mwenzake aliyeichukua nafasi yake alipoumia. Sayers alikuwa mweusi na Piccolo mzungu. Mwaka 1967, wakati ubaguzi wa rangi ungali mkali nchini Marekani, wawili hao walianza kulala chumba kimoja timu iliposafiri, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika katika klabu hiyo.

Sayers alirejea mwaka 1969 na kuongoza tena ligi kwa yadi 1,032, ingawa Bears walishinda mechi moja tu kati ya 14. Kasi yake ya zamani ilikuwa imepungua, lakini alifidia kwa ukakamavu na kuusoma mchezo.

Msimu huohuo Piccolo aligunduliwa kuwa na saratani. Mei 1970, Sayers alipopewa tuzo ya ushujaa mjini New York, alitangaza kwamba aliyestahili tuzo hiyo ni rafiki yake. Piccolo alifariki dunia Juni 16, 1970, akiwa na miaka 26. Kisa chao kilitengenezewa filamu ya televisheni mwaka 1971.

Mwaka 1970 goti la kushoto nalo liliumia. Sayers alicheza mechi mbili tu msimu huo, na mbili nyingine mwaka 1971, licha ya kufanyiwa upasuaji. Aliondoka na jumla ya yadi 4,956 za kukimbia, wastani wa yadi tano kila alipobeba mpira.

Baada ya hapo alikuwa mkurugenzi wa michezo katika Chuo Kikuu cha Southern Illinois, kisha akaingia katika biashara ya kompyuta. Mwaka 2017 familia yake ilieleza kuwa anaugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Alifariki dunia Septemba 23, 2020, akiwa na umri wa miaka 77.