Jina na Ngazi: Kilima cha Bukit Batok huko Singapore

Upande wa magharibi wa kisiwa cha Singapore, katikati ya majumba marefu wakaamo watu, ipo hifadhi ya miti na vilima iitwayo Bukit Batok. Eneo lake ni kama hektari 36, nayo ilifanywa bustani ya watu wote mwaka 1988, mahali palipokuwa zamani machimbo ya mawe ya itale. Shimo la machimbo limekuwa bwawa la maji lililozungukwa na genge la mwamba, na njia za miguu zapanda na kushuka chini ya miti. Mgeni apandaye kilima hicho hufika kwenye ngazi yenye vidato 120. Aimalizapo hakuti msikiti, wala hekalu, wala sanamu. Aona mlingoti wa kurushia matangazo, uliozungushiwa ua. Ndipo ajiulizapo ngazi hiyo ilijengwa kwa ajili ya nini, na kwa mikono ya nani.

Jibu limo katika historia ya vita. Majeshi ya Wajapani yalivuka mlango wa bahari wa Johor mapema mwezi wa Februari 1942, na usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 yakaiteka sehemu ya Bukit Timah iliyo jirani. Pigo hilo lilikuwa zito, kwa sababu ghala za vyakula, mafuta na risasi za Waingereza zilikuwa katika sehemu hiyo, na barabara kuu ya kuingilia mjini ilipita hapo. Tarehe 15 Februari Jenerali Percival alitia sahihi hati ya kusalimu amri mbele ya Jenerali Yamashita, katika kiwanda cha magari cha Ford kilichoko kwenye barabara hiyohiyo. Kisiwa kikapewa jina jipya, Syonan, lenye maana ya nuru ya kusini.

Washindi hawakukoma katika kubadili jina la mji. Waliamua kuwajengea askari wao waliokufa mnara wa ukumbusho juu ya kilima cha Bukit Batok, nao wakauita Syonan Chureito. Neno chureito ni la sehemu tatu: uaminifu, roho, na mnara, yaani mnara wa roho za waaminifu. Kazi ilifanywa na mateka wa vita wapatao 500, Waingereza na Waaustralia, nao ndio waliochonga njia ya kupandia na kuijenga ngazi. Mnara wenyewe ulikuwa wa mbao, urefu wake kadiri ya mita 12. Nyuma yake mateka waliruhusiwa kusimamisha msalaba wa mbao, mdogo kuliko mnara, kwa ajili ya wenzao waliouawa. Hivyo kilima kimoja kikabeba kumbukumbu mbili za watu waliopigana, moja mbele na moja nyuma.

Lakini wako waliokosa kumbukumbu kilimani hapo. Baada ya mji kutekwa, maelfu ya raia wa Kichina walikusanywa na kuuawa. Ukumbusho wa raia waliokufa wakati wa utawala wa Wajapani ulisimamishwa kati ya mji mwaka 1967, wenye nguzo nne zielekeazo juu kuwa ishara ya jamaa za watu wa nchi ile.

Mwaka 1945, vita vilipowageukia, Wajapani waliubomoa mnara wao wenyewe, wasije adui zao wakaunajisi. Msalaba nao haukusalia. Jina la Syonan likatoweka pamoja na utawala uliolileta. Miongoni mwa vilivyodumu ni ngazi ya mateka, na jina ambalo wenyeji walikiita kilima.

Ama kuhusu jina hilo, wenyeji wana maelezo zaidi ya moja. Neno bukit, katika Kimalei, ni kilima, wala halina mgogoro. Mgogoro uko katika batok. Wako wasemao kuwa asili yake ni batuk, yaani kukohoa, kwa sababu baruti za machimboni zilipopasuka kilima kilisikika kama mtu akohoaye. Wengine husema ni neno la Kijava lenye maana ya kifuu cha nazi, ama kwa minazi iliyoota hapo, ama kwa umbo la kilima. Wengine tena hulitoa katika batu, jiwe, kwa kuwa kilima chote ni mwamba, nao husema kuwa Wachina ndio walioligeuza kwa matamshi yao.

Yafaa maelezo hayo yapimwe kwa mizani ya lugha. Katika tahajia ya Kimalei iliyotumika Malaya kabla ya mageuzi ya mwaka 1972, maneno mengi yaishiayo leo kwa -uk yaliandikwa kwa -ok. Masuk, kuingia, liliandikwa masok. Kwa hiyo batok ni maandishi ya kawaida ya zamani ya neno lile la kukohoa, na umbo lake halina kasoro. Maelezo ya kifuu nayo hayapingwi na umbo. Wala msemaji wa Kiswahili hatashangaa kilima kufananishwa na kifuu, maana yeye mwenyewe hulitumia neno fuu kwa nazi na kwa kichwa. Maelezo ya jiwe ndiyo yenye mzigo, kwani hayana budi kueleza ile k ya mwisho ilitoka wapi.

Hata hivyo, umbo kukubali si ushahidi wa maana. Kisa cha baruti chaweza kuwa kweli ikiwa tu jina halikutangulia machimbo; kama jina lilitangulia, kisa hicho kilitungwa baadaye ili kulieleza. Jirani yake Bukit Timah ni onyo la kutosha. Timah ni bati, lakini kilima hicho hakikujulikana kwa bati, na wako wanaodhani kuwa jina lilitokana na mti uitwao temak. Watu wasipolielewa neno hulivuta kwenye neno walijualo, kisha hulitafutia kisa.

Mambo haya si mageni pwani ya Afrika Mashariki. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ulipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914–1918, Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalifinyanga jina hilo hata msikiaji wa leo asidhani kuwa ni la kigeni. Hapo watu waliobeba mizigo waliacha jina. Huko Bukit Batok waliobeba mawe waliacha kazi ya mikono yao, bali jina ni la wenyeji, nalo halisemi neno juu yao. Anayesoma jina peke yake huko hatawajua mateka. Anayeitazama ngazi peke yake hatawajua wanakijiji.

Ndiyo sababu mchunguzi wa majina hana budi kuyaandika maelezo yote, kila moja na msemaji wake, kabla ya kuchagua lililo sahihi. Vijiji vya zamani vya sehemu hizo viliondolewa kuupisha mji mpya, na wazee waliolitumia jina wakiwa na kilima machoni pao wanazidi kupungua. Kimalei na Kiswahili vilipokea kwa Waarabu neno moja: Wamalei husema tarikh kwa siku ya mwezi, na Waswahili waliligawa mara mbili, tarehe kwa siku na tarikhi kwa habari za kale. Tarehe za Bukit Batok zinajulikana, nazo zimeandikwa. Tarikhi yake bado imegawanyika kati ya vidato 120 na neno moja lenye maelezo matatu.